Flashi Yenye Kufuli: Majibu kwa Wanaotumia Linux

Barua nyingi za safari hii zimegusa jambo moja: flashi au diski ya nje iliyosimbwa (data yake imefungwa kwa nenosiri) kwa LUKS, mfumo wa usimbaji wa Linux, namna ya kuiandaa na la kufanya inapogoma. Majibu yetu yanatumia cryptsetup, programu inayopatikana kwenye Ubuntu, Debian, Mint, Fedora na nyinginezo. Katika mifano /dev/sdb ni flashi au diski, na /dev/sdb2 ni kizigeu (sehemu ya diski) kilichosimbwa; pale diski yenye kizigeu kimoja tu inapohusika, ni /dev/sdb1. Kwenye kompyuta yako majina yanaweza kuwa mengine. Kwenye dirisha la amri, andika lsblk kabla ya kuchomeka flashi, andika tena baada ya kuichomeka. Jina lililoongezeka ndilo lako. Usiruke hatua hii, kwa sababu amri hizi hufuta diski yoyote utakayozielekezea.

Mimi ni mweka hazina wa SACCOS. Nina flashi ya GB 64. Nataka sehemu moja ihifadhi orodha ya wanachama na mikopo, isomeke kwangu tu, na sehemu nyingine ibaki wazi ili nichapishe nyaraka steshenari, ambako kompyuta zote ni za Windows. Flashi moja inatosha? – Msomaji, Mwanza

Inatosha. Igawe vizigeu viwili: cha kwanza exFAT, mfumo wa faili ambao Windows huusoma, kwa ajili ya steshenari, cha pili LUKS. Usibadilishe mpangilio huo. Windows za kabla ya toleo la 1703 la Windows 10, lililotoka mwaka 2017, huonyesha kizigeu cha kwanza tu cha flashi. Ukianza na kile kilichosimbwa, kompyuta ya zamani haitaona cha wazi kabisa.

Kwanza hakikisha flashi ina GB 64 za kweli. Flashi bandia hujitangaza kuwa na ujazo mkubwa, hukubali kila unachoandika, kisha hupoteza kilichovuka ujazo wake halisi bila kutoa onyo. Sakinisha kifurushi cha f3, kisha endesha amri hii, ukijua kwamba inaharibu kilichomo:

sudo f3probe --destructive --time-ops /dev/sdb

Ikikuambia flashi ni bandia, irudishe dukani. Ikiwa nzima, endelea. Pachua (umount) kwanza kila kizigeu kilichojipachika chenyewe, yaani kilichofunguliwa na kompyuta kama folda, maana bila hivyo utaambiwa kifaa kinatumika:

sudo umount /dev/sdb1
sudo parted /dev/sdb mklabel msdos
sudo parted -a optimal /dev/sdb mkpart primary ntfs 1MiB 8GiB
sudo parted -a optimal /dev/sdb mkpart primary ext4 8GiB 100%
sudo mkfs.exfat -L WAZI /dev/sdb1
sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 /dev/sdb2

Neno ntfs katika mstari wa tatu lisikutie shaka: linaweka alama ya aina ya kizigeu tu, na exFAT hutumia alama hiyohiyo. Amri ya mwisho itakutaka uandike YES kwa herufi kubwa. Ukiandika yes kwa herufi ndogo itasitisha kazi. Kisha itaomba nenosiri mara mbili, bila kuonyesha chochote unapoandika.

Sasa fungua kizigeu, weka mfumo wa faili ndani yake, na ujimilikishe:

sudo cryptsetup open /dev/sdb2 siri
sudo mkfs.ext4 -m 0 /dev/mapper/siri
sudo mkdir -p /mnt/siri
sudo mount /dev/mapper/siri /mnt/siri
sudo chown $USER: /mnt/siri

Bila -m 0, ext4, mfumo wa faili wa Linux, hutenga asilimia 5 ya nafasi kwa ajili ya mtumiaji mkuu. Kwa kizigeu chako hiyo ni karibu GB 2.6 ambazo flashi ya kuhifadhi nyaraka haizihitaji. Ukisahau chown, utakataliwa kuandika, na watu wengi hudhani kosa liko kwenye usimbaji.

Kufunga kuna mpangilio wake:

sudo umount /mnt/siri
sudo cryptsetup close siri
udisksctl power-off -b /dev/sdb

Baada ya maandalizi haya ya mara moja, mazingira ya dawati ya GNOME, KDE na Cinnamon yatakuomba nenosiri yenyewe kila uchomekapo flashi, na kitufe cha kuitoa kitafanya hatua zote za kufunga. Hutahitaji tena dirisha la amri kwa matumizi ya kila siku.

Kuhusu nenosiri: usichukue methali, maandishi ya kanga, aya au mstari wa wimbo. Anayejaribu kuvunja huanza na orodha za maneno yanayojulikana, na methali zetu zote zimeshachapishwa. Chukua maneno sita yasiyohusiana, yachaguliwe kwa bahati nasibu. Ukiwa na faili lenye maneno 2,000 ya Kiswahili, moja kila mstari, amri ya shuf -n 6 --random-source=/dev/urandom maneno.txt itakuchagulia. Maneno sita ya namna hiyo yanatoa biti takriban 66. LUKS2, toleo jipya la LUKS, nayo hufanya kila jaribio la kubahatisha lichukue muda na kumbukumbu nyingi, kwa hiyo nenosiri hilo ni imara. Likariri, uliandike kwenye karatasi, na karatasi uifungie mbali na flashi.

Kazi hii inakuhusu pia kisheria. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Namba za vitambulisho na mikopo ya wanachama wako ni taarifa binafsi, na flashi ni kitu kinachoangukia kwenye daladala.

Nenosiri langu linakubali kwenye laptopu ya nyumbani. Ofisini, flashi ileile, nenosiri lilelile, naambiwa "No key available with this passphrase". Flashi imeharibika? – Msomaji, Goma

Angalia kibodi kwanza. Ofisi nyingi za Kongo na Burundi hutumia kibodi ya Kifaransa, AZERTY, huku laptopu nyingi za dukani zikiwa QWERTY. A na Q zimebadilishana nafasi, Z na W vilevile, M imehamia kulia kwa L, na tarakimu zinahitaji kubonyeza Shift. Vidole vilivyozoea QWERTY vikiandika "maziwa" kwenye AZERTY hutoa ",qwizq". Kwa kuwa skrini haionyeshi unachoandika, hutaona kosa. Waandishi wa Kiingereza hushauri kuepuka herufi zinazohama. Kwa Kiswahili ushauri huo haufai, maana utapata wapi maneno sita yasiyo na a, m wala w?

Fungua kihariri cha maandishi, andika herufi hizo tano uone kinachotokea (usiandike nenosiri lenyewe), kisha badilisha mpangilio wa kibodi katika mipangilio ya kompyuta. Ndipo ujaribu bila kupachika chochote:

sudo cryptsetup open --test-passphrase -v /dev/sdb2

Ukiona "Key slot 0 unlocked", flashi ni nzima. Kama huruhusiwi kubadilisha kibodi ya ofisi, ongeza nenosiri la pili kwa sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sdb2. LUKS2 inaweza kubeba hadi funguo 32 kwenye kizigeu kimoja, na LUKS1 hadi 8, kila moja ikifungua data ileile. Amri hiyo itakuomba kwanza nenosiri la zamani, kwa hiyo ifanyie nyumbani.

Mwenzangu kazini alichomeka diski yangu ya nje kwenye Windows, akaulizwa kama anataka kuifomati, akakubali. Sasa Linux inasema "is not a valid LUKS device". Nenosiri ninalijua vizuri. Naweza kurudisha faili zangu? – Msomaji, Nairobi

Pole sana. Chomoa diski hiyo sasa na usiiandikie kitu hadi umalize kusoma jibu hili.

Kulijua nenosiri hakutoshi, na inafaa kila mwenye diski ya LUKS aelewe kwa nini. Nenosiri lako halisimbi faili. Faili zinasimbwa na ufunguo mkuu ambao kompyuta iliuchagua kwa bahati nasibu siku ulipoandaa diski. Kwa kawaida ni biti 512, ukitumika kwa kanuni ya usimbaji ya AES katika mtindo wa XTS. Ufunguo huo umehifadhiwa ndani ya kichwa cha LUKS mwanzoni mwa kizigeu, nao umefungwa kwa nenosiri lako. Ni kasha dogo lenye ufunguo wa ghala: nenosiri hufungua kasha. Kasha likipotea, ghala halifunguki hata ukikumbuka nenosiri neno kwa neno.

Kwa LUKS2 kichwa huchukua MiB 16 za kwanza. Maelezo ya mpangilio yameandikwa mara mbili, nakala moja mwanzoni kabisa na ya pili KiB 16 mbele yake. Hiyo ndiyo habari njema. Habari mbaya ni kwamba eneo la funguo zenyewe, ambalo kwa kawaida huanza baiti ya 32,768, lina nakala moja tu. Tena ufunguo umesambazwa makusudi katika vipande 4,000, ukijaza baiti 258,048, ili ukifutwa ufutike kweli. Sekta moja tu ya eneo hilo ikiandikwa juu, ufunguo ule umekufa.

Kwa hiyo yote yanategemea Windows iliandika wapi. Fomati ya haraka huandika miundo ya mfumo wa faili mpya tu. Fomati kamili, tangu Windows Vista, hupitisha sifuri diski nzima; kama hiyo ndiyo iliyofanyika na ikaisha, hakuna cha kurudisha.

Kama ilikuwa ya haraka, tafuta diski nyingine kubwa kuliko hii na uchukue picha nzima ya diski, ili majaribio yote yafanyike kwenye picha:

sudo ddrescue /dev/sdb /mnt/akiba/diski.img /mnt/akiba/diski.map

Kisha tafuta alama ya LUKS, maana Windows huenda imebadilisha hata jedwali la vizigeu:

LC_ALL=C grep -obUaP "(LUKS|SKUL)\xba\xbe" /mnt/akiba/diski.img

Kichwa cha kwanza huanza na LUKS, nakala yake huanza na SKUL. Ukipata SKUL kwenye baiti fulani, toa 16,384 na utapata mwanzo wa kizigeu. Tuseme imetoka 1,048,576:

sudo losetup -f --show -o 1048576 /mnt/akiba/diski.img
sudo cryptsetup repair /dev/loop0
sudo cryptsetup open --readonly /dev/loop0 jaribio

Badala ya /dev/loop0 weka jina ulilopewa na amri ya kwanza. Kazi ya repair ni kujenga upya kichwa cha kwanza kutoka kwenye nakala ya pili. Ikifaulu lakini nenosiri likakataliwa, eneo la funguo limeguswa, na hapo ndipo pa kuacha. Mtu akikuambia atakufungulia kwa malipo bila kichwa wala nakala yake, usimpe fedha. Ikifunguka, kizigeu kinaweza kuwa na majeraha pale Windows ilipoandika katikati, hivyo nakili faili zote nje kabla ya kurekebisha chochote.

Kwa wasomaji wengine wote, dawa ya janga hili ni amri moja inayochukua sekunde chache:

sudo cryptsetup luksHeaderBackup /dev/sdb2 --header-backup-file kichwa-flashi.img

Utapata faili la MiB 16. Lihifadhi kwenye kifaa kingine. Likiwa ndani ya flashi hiyohiyo halina maana. Kulirudisha ni luksHeaderRestore na chaguo lilelile la faili. Chukua nakala mpya kila unapobadilisha nenosiri, na ile ya zamani uifute, kwa sababu tutakayoieleza katika jibu la Mombasa.

Na ikitokea umeharibu kichwa huku kizigeu bado kiko wazi kwenye kompyuta, usikifunge na usizime mashine. Ufunguo mkuu bado uko ndani ya kerneli, kiini cha Linux. Nakili faili zote papo hapo kwenye diski nyingine.

Flashi ilichomoka bahati mbaya nikiwa naandika. Nikairudisha, sasa inaitwa sdc badala ya sdb, na nikijaribu kuifungua naambiwa "Device siri already exists". Folda ya zamani inatoa "Input/output error". – Msomaji, Zanzibar

Kerneli bado imeshikilia ramani ya zamani inayoelekea kwenye sdb ambayo haipo tena. Iondoe:

sudo umount -l /mnt/siri
sudo cryptsetup close siri

Ikidai bado inatumika, tumia sudo dmsetup remove --force siri. Kisha fungua kwa jina jipya na ukague mfumo wa faili kabla ya kuupachika:

sudo cryptsetup open /dev/sdc2 siri
sudo e2fsck -f /dev/mapper/siri

Zingatia kwamba ukaguzi unafanywa kwenye /dev/mapper/siri. Ukielekeza e2fsck kwenye /dev/sdc2 utaambiwa "Bad magic number", kwa kuwa pale inaona data iliyosimbwa tu. Watu huogopa ujumbe huo, wakafomati upya flashi ambayo haikuwa na tatizo lolote.

ext4 ina jarida, yaani kumbukumbu ya mabadiliko yanayoendelea, kwa hiyo muundo wake kwa kawaida hupona. Faili uliyokuwa ukiiandika ndiyo iliyo hatarini. Linux hupokea data kwenye RAM kwanza na kuandika kwenye flashi baadaye; kwa mipangilio ya kawaida data inaweza kungoja sekunde 30 kabla ya kuanza kusukumwa. Ndiyo maana mstari wa kunakili hufika mwisho haraka, kisha kutoa flashi huchukua dakika nzima. GB 1 inayongoja, kwa flashi inayoandika MB 5 kwa sekunde, inahitaji zaidi ya dakika tatu. Andika sync na usubiri irudi. Na umount ikisema "target is busy", amri ya sudo fuser -vm /mnt/siri itakuonyesha nani ameshikilia; mara nyingi ni dirisha la amri ambalo bado limesimama ndani ya folda hiyo.

Shikamooni. Nina kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye RAM ya GB 1, naitumia kama seva ndogo ya shule. Diski ya nje niliyoisimba kwenye laptopu ya GB 16 haifunguki kwenye Pi: "Not enough available memory to open a keyslot". Nifanyeje? – Mwanafunzi, Arusha

Marahaba. Diski yako haina kasoro. LUKS2 hugeuza nenosiri kuwa ufunguo kwa Argon2, kanuni inayodai kumbukumbu nyingi makusudi ili kuwakwamisha wenye mashine za kubahatisha. Kiasi hicho hupimwa kwenye kompyuta iliyoandaa diski na huweza kufika GiB 1. Laptopu yako iliweza. Pi haina hata nafasi ya kuanzia. Wakati mwingine hakuna ujumbe huo, amri huuawa tu na kuandika "Killed".

Rudi kwenye laptopu, chukua kwanza nakala ya kichwa, kisha ubadilishe:

sudo cryptsetup luksConvertKey --pbkdf argon2id --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb1

Namba hiyo ni kibibaiti, yaani MiB 256, ambazo Pi ya GB 1 inazimudu. Hakiki kwa luksDump, mstari wa Memory. Umepunguza kidogo ugumu wa kuvunja, basi ongeza neno moja au mawili kwenye nenosiri. Na usidhani utaongeza ufunguo wa pili mwepesi huku ule mzito ukikulinda: mvunjaji atachagua mwepesi.

Utakutana pia na suala la kasi. Pi 4 na zilizotangulia hazina maelekezo ya AES ndani ya prosesa. Pi 5 inayo. Endesha cryptsetup benchmark uone tofauti. Kama diski itaishi kwenye Pi ya zamani na bado ni tupu, iandae kwa Adiantum, kanuni ya usimbaji iliyotengenezwa Google kwa ajili ya vifaa vya namna hii na kuingia kwenye kerneli 5.0 mwaka 2019:

sudo cryptsetup luksFormat --type luks2 --cipher xchacha20,aes-adiantum-plain64 --key-size 256 --sector-size 4096 --pbkdf-memory 262144 /dev/sdb1

Mfanyakazi aliyekuwa na nenosiri la diski yetu ya kumbukumbu za wagonjwa ameacha kazi. Nimelibadilisha kwa luksChangeKey. Inatosha? – Msomaji, Mombasa

Inatosha ikiwa hakuwahi kuchukua nakala ya kichwa. Kama anayo, haitoshi. luksChangeKey hubadilisha kufuli ya ufunguo mkuu, na ufunguo mkuu hubaki uleule. Nakala ya zamani ya kichwa pamoja na nenosiri la zamani bado zinafungua data ya leo, endapo ataishika diski. Ndiyo maana tumesema nakala za zamani zifutwe.

Kwenye flashi kuna jambo la ziada. Kidhibiti chake husambaza maandishi kwenye chembe tofauti ili zisichakae mapema, hivyo unapoandika juu ya kichwa, kile cha zamani huweza kubaki mahali fulani ndani ya chipu. Kwa sababu hiyohiyo luksErase, ambayo hufuta funguo zote, haiaminiki kikamilifu kwenye flashi kama inavyoaminika kwenye diski inayozunguka.

Kwa kumbukumbu za wagonjwa tunashauri ufunguo mkuu wenyewe ubadilishwe. Kwanza chukua nakala rudufu ya faili zote, kisha:

sudo cryptsetup luksDump /dev/sdb1
sudo cryptsetup reencrypt /dev/sdb1

Ya kwanza inakuonyesha funguo zilizopo. Ukiona nafasi ambayo hakuna anayeijua, mathalani namba 2, iondoe kwa luksKillSlot /dev/sdb1 2. Ya pili husoma na kuandika upya kila sekta, hivyo diski ya TB 1 itakula saa nyingi. Umeme ukikatika katikati LUKS2 huweka alama ilipofika, na amri ileile huendelea kutoka hapo. Kama data ni chache, ni haraka zaidi kuinakili nje, kufanya luksFormat mpya na kuirudisha.

Je, naweza kuwa na diski moja iliyosimbwa inayofunguka Linux na Windows? – Msomaji, Kampala

Ndiyo, lakini usitumie LUKS, maana Windows haiitambui. Chagua VeraCrypt, programu ya usimbaji ya Linux na Windows, weka exFAT ndani yake, na kwenye Linux unaweza kuifungua hata bila programu hiyo: sudo cryptsetup open --type tcrypt --veracrypt /dev/sdb1 siri. Kama ofisi imeshakupa diski ya BitLocker, usimbaji wa Windows, cryptsetup kuanzia toleo la 2.3.0 la mwaka 2020 huifungua kwa --type bitlk. Kutengeneza diski ya BitLocker kunahitaji Windows yenyewe, tena si toleo la Home.

Diski yangu ya nakala rudufu hufunguka yenyewe kompyuta ikiwaka. Nikiwasha bila diski, mashine husimama kama dakika moja na nusu, kisha huingia kwenye hali ya dharura. Nilimpelekea fundi akataka kusakinisha upya. – Msomaji, Muscat

Usisakinishe upya. systemd, programu inayoiwasha Linux, husubiri kifaa sekunde 90, kikikosekana huona mfumo haujakamilika. Unahitaji neno nofail kwenye mafaili mawili. Pata kwanza utambulisho wa kizigeu kwa sudo cryptsetup luksUUID /dev/sdb1, kwa kuwa jina sdb hubadilika kulingana na kilichochomekwa kwanza. Kwenye /etc/crypttab:

akiba UUID=weka-hapa-utambulisho /etc/funguo/akiba.key luks,nofail,x-systemd.device-timeout=10s

Na kwenye /etc/fstab:

/dev/mapper/akiba /mnt/akiba ext4 nofail,x-systemd.device-timeout=10s 0 2

Faili la ufunguo hutengenezwa hivi, kama huna bado:

sudo mkdir -m 700 /etc/funguo
sudo dd if=/dev/urandom of=/etc/funguo/akiba.key bs=64 count=1
sudo chmod 400 /etc/funguo/akiba.key
sudo cryptsetup luksAddKey /dev/sdb1 /etc/funguo/akiba.key

Faili hilo liko kwenye diski ya ndani. Kama ya ndani haijasimbwa, mwizi akibeba kompyuta na diski ya nje pamoja amebeba na ufunguo. Katika hali hiyo weka none mahali pa njia ya faili na uandike nenosiri kwa mkono. Acha pia nenosiri la kawaida kwenye nafasi nyingine ya ufunguo, ili siku kompyuta ikifa diski iweze kufunguliwa kwenye mashine nyingine.